Mlima, uso au kisogo: umtoe mhusika wako kwa picha ipi?

Vijana wanaotengeneza filamu fupi hapa Moshi, na wenzao wa Arusha, hukwama mahali pamoja. Muswada upo, kamera imeazimwa, mwigizaji amekubali, kisha inafika dakika ya kwanza ya filamu na kila mtu kwenye kundi ana lake. Mmoja anataka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ionekane. Mwingine anataka uso ujae kioo chote. Wa tatu ameona mahali kamera ikimfuata mtu kwa nyuma na hataki kusikia kingine.

Nimekaa kwenye ubishi huo mara nyingi, na safari moja tuliumaliza kwa kushuti zote tatu. Mhusika wetu alikuwa mama muuza ndizi anayeshuka alfajiri kutoka Kibosho kwenda soko la Mbuyuni, na kwenye pindo la kanga amefunga barua ya deni ambayo hajamwonyesha mtu nyumbani. Mwigizaji yuleyule, kanga ileile, mkungu uleule. Tulipoziweka picha sambamba kwenye kompyuta tuliona wanawake watatu tofauti. Nitamtumia mama huyohuyo hapa chini, ili kila njia ipimwe kwa mzani mmoja.

## Vya kupima kabla ya kugusa kamera

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni kujua mtazamaji aambiwe nini mapema na nini akisubiri. Chukueni karatasi mwandike sentensi mbili. Ya kwanza: "Dakika ya kwanza ikiisha, awe ameshajua kwamba..." Ya pili: "Asijue bado kwamba..." Kundi likishindwa kuzimaliza hizo sentensi, tatizo liko kwenye hadithi, na hakuna lenzi itakayolitibu.

Kipimo cha pili ni mwanga mnaoweza kuupata kwa uhakika, na hapa jiografia yetu ina neno. Tuko kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Jua hupanda karibu wima na kushuka karibu wima, kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu ambao vitabu vya ughaibuni huuita "saa ya dhahabu" kwetu unapita upesi. Jua likishazama, una dakika 20 na kitu za kufanya kazi, halafu giza. Mchana nako kuna shida yake: mwanzoni mwa Oktoba na katikati ya Machi jua la adhuhuri hukaa utosini kabisa, macho yanageuka mashimo meusi na pua inatupa kivuli mdomoni. Ukishuti saa hizo bila kukusudia, umemfanya mama wa watu aonekane mkali au mgonjwa, na muswada haukusema hivyo.

Kisha kuna mwigizaji. Kuna ambaye uso wake unafanya kazi hata akikaa kimya, na kuna ambaye mwili wake ndio unaosema: jinsi anavyobeba, anavyokanyaga, anavyotua mzigo. Mjue wa kwenu ni yupi kabla ya kuamua.

Skrini pia ipimwe. Wengi wataitazama filamu yenu kwenye simu, ndani ya daladala, huku jua likipiga kwenye kioo. Mtu aliyekuwa mdogo kama kidole kwenye ukuta wa ukumbi anakuwa punje ya mchele kwenye simu.

La mwisho ni ruhusa na gharama. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali cha kushuti, na Bodi ya Filamu ndiyo inayokishughulikia. Drone ina kibali chake peke yake. Sokoni mnaanza kwa uongozi wa soko, halafu mnasalimia wenye meza, maana hakuna anayependa kuamka na kukuta lenzi imemwelekea.

## Njia ya kwanza: mlima, na mtu mdogo ndani yake

Picha ya mbali inafanya kazi ileile ambayo bibi zetu waliifanya kwa "hapo zamani za kale, katika nchi fulani". Inaweka dunia kwanza, halafu inamdondosha mtu ndani yake. Mama wetu anaonekana akishuka njia ya udongo mwekundu, migomba pande zote, Kibo juu yake. Bila neno, mtazamaji ameshajua tuko wapi, ni saa ngapi, na kwamba huyu mama ana safari ndefu na mzigo mzito. Hajui lolote la ndani.

Mwanga wa picha hii unahitaji ratiba zaidi ya taa. Ukiwa Moshi mlima uko kaskazini, na ukiwa Arusha mjini Meru nayo iko kaskazini. Maana yake ukielekeza kamera mlimani asubuhi, jua linakuja kutoka mkono wako wa kulia na kumchonga mhusika upande mmoja, jambo zuri sana kwa umbo. Desemba linatokea nyuma kidogo ya bega lako la kulia, picha inakuwa safi. Juni linasogea mbele yako, na lenzi isipokingwa kwa mkono au kadi inaanza kumeta. Halafu kuna mawingu. Mlima hufunguka alfajiri, na kwa siku nyingi saa tatu au nne asubuhi umeshajifunika. Kati ya Juni na Agosti unaweza kukaa siku nzima usiione theluji. Siku yetu ya kwanza tulifika saa 11 na nusu alfajiri, tukachelewa kufunga kamera kwa sababu ya betri, na mlima ukafungwa mbele ya macho yetu huku mama ameshatua mkungu mara mbili akisubiri. Nilijisikia vibaya zaidi kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya picha.

Katika picha ya mbali mtu hajulikani kwa sura. Anajulikana kwa rangi na mwendo. Kanga ya kijani ndani ya migomba ni sawa na kumfuta. Nyekundu au njano inamtoa. Na lazima awe anafanya jambo. Mwaka 1962 ilitoka filamu ya Howard Hawks, *Hatari!*, iliyoshutiwa maeneo haya ya Arusha. Inaanza na magari yakimkimbiza kifaru uwandani. Kabla hujalijua jina la mtu yeyote umeshajua kila mmoja anaishikaje hatari: nani anaendesha, nani ameshika kamba, nani anaumia. Uwanda ni mkubwa, lakini ni kazi inayowatambulisha watu. Mtu akisimama tu mbele ya mlima, hiyo ni kadi ya kutuma salamu.

Hapo ndipo ninapoionea shaka njia hii, na nitasema wazi. Sisi wa hapa hatuutazami mlima kama mgeni anavyoutazama. Tunautupia jicho kujua kama mvua inakuja. Filamu inayofunguka kwa Kibo kwa sekunde 15 za kimya mara nyingi imeshamchagua mtazamaji wake, na mtazamaji huyo hakai Kibosho. Kama hadithi yenu inaugusa mlima kweli (maji, shamba, ukoo uliogawanyika juu na chini) basi una haki ya kuwa pale. Kama haiugusi, picha yenu ya mbali inaweza kuwa stesheni ya reli ya Moshi yenye mtu mmoja kwenye jukwaa refu, au mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC yanayokwenda mpaka upeo wa macho.

Inawafaa wenye hadithi ambayo mahali ni mhusika, wenye mwigizaji mgeni wa kamera lakini mwenye mwendo wa kuaminika, na wenye nafasi ya kurudi siku ya pili hali ya hewa ikiwanyima. Haiwafai wanaojua kwamba kazi yao itaishia kwenye simu tu.

## Njia ya pili: uso, karibu kabisa

Hapa hakuna mlima, hakuna soko. Kuna uso wa mama jikoni kwake kabla hajatoka, na dirisha. Mtazamaji anaambiwa: huyu ndiye, kaa naye. Anapata umri wake, uchovu wake, jinsi anavyomeza mate kabla ya kusimama. Hajui yuko wapi wala anakwenda wapi, ila ameshakuwa upande wake. Watu wakishatazamana na uso wa mtu kwa nusu dakika ni vigumu kumgeuka, na ndiyo sababu njia hii ina nguvu kwa mhusika ambaye baadaye atafanya jambo la kulaumiwa.

Mwanga wake ni rahisi kwa fedha na mgumu kwa umakini. Dirisha moja linatosha. Mkalishe mama kama mita moja kutoka dirishani, umgeuze hadi mwanga uangukie shavu moja na upande wa pili ubaki na kivuli. Tafuta ile nukta ya mwanga ndani ya jicho. Jicho lenye nukta liko hai. Jicho lisilo nayo linaonekana limeaga. Ukitaka kivuli kilegee, shika shuka jeupe upande wa giza. Ukitaka kizidi, shika kitenge cheusi palepale. Tulifanya yote mawili kwa dakika chache. Kwa shuka alikuwa mama anayepanga siku yake. Kwa kitenge alikuwa mama anayeficha kitu. Hakubadili chochote usoni. Tuliobadili ni sisi, kwa kitambaa.

Angalia pia rangi za chumba. Ukuta wa kijani unamwagia uso ukijani, na chini ya migomba ni vivyo hivyo: majani yanachuja jua na ngozi inatoka kama mtu ana homa. Kitambaa cheupe karibu na uso kinaokoa.

Na sasa ngozi, jambo ambalo limewaharibia wengi kazi nzuri. Kamera ikiachiwa ijipimie mwanga yenyewe, inajaribu kuifanya fremu nzima iwe na ung'avu wa wastani. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe au mbingu yenye mawingu, nayo itapunguza mwanga ili ukuta utulie, na uso utazama. Vifaa hivi havikuanza kwa kutufikiria sisi. Kwa miaka mingi rangi za filamu za Kodak zilirekebishwa maabara kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Kwa hiyo pima uso, usipime chumba. Kwenye simu gusa uso kwenye kioo, ushikilie mpaka kipimo kijifunge. Acha nyuma yake pawe peusi kuliko yeye. Na usimpake poda mpaka akauke: ngozi nyeusi inajieleza kwa mng'ao, na mafuta kidogo kwenye mfupa wa shavu yanaupa mwanga wa dirisha mahali pa kukaa.

Lenzi isogee taratibu. Kamera kuu ya simu nyingi ni ya upana wa milimita 24 hivi. Ukiisogeza mpaka uso ujae fremu, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Rudi hatua mbili utumie lenzi ya kuvuta ya simu, au ile ya milimita 85 kama una kamera kubwa.

Njia hii inamdai mwigizaji kuliko nyingine zote. Ukimwambia "huzunika", atahuzunika kama kwenye msiba wa jukwaani. Mpe hesabu. Tulimwambia mama ahesabu kimya kimya ndizi za mkungu mmoja kwa bei ya jana, atoe nauli, atoe deni, aone kinabaki nini. Alipofika kwenye kinachobaki, kope zilishuka zenyewe.

Inawafaa wenye hadithi ya ndani ya moyo, wenye bajeti ndogo, wenye mwigizaji mwenye subira, na wanaotegemea simu, kwa sababu uso haupotei kwenye kioo kidogo. Haiwafai wenye siri inayokaa usoni kwa mhusika. Mkimwonyesha karibu mno mapema, mmeshaitoa.

## Njia ya tatu: kisogo na mikono

Kamera inakwenda nyuma ya mama. Tunaona kitambaa cha kichwani, mkungu begani, kisha mikono ikikata ndizi na utomvu ukiacha weusi kwenye vidole, kisha vidole vikiligusa pindo la kanga na kuliacha. Uso haujaonekana. Mtazamaji anamjua kwa kazi yake, na anaanza kuuliza.

Mama mwenyewe hakuipenda. "Mwanangu," aliniambia, "mnanipiga kisogo, nyumbani watanijuaje?" Nilimjibu kwamba watamjua kwa mikono, akaitazama, akacheka, akaendelea. Lakini swali lake ni la haki, na kila anayechagua njia hii analazimika kulijibu: mtu asiyeonyeshwa uso anaweza kuonekana mwenye siri, na anaweza pia kuonekana hana thamani ya kuonyeshwa. Tofauti inaletwa na urefu wa kamera na subira. Kamera ikiwa usawa wa bega lake, tunatembea naye. Ikiwa juu yake, tunamchunga.

Mfano unaotajwa sana ni mwanzo wa *The Godfather* ya mwaka 1972. Unafunguka kwa uso wa mtu anayeomba msaada, gizani, na picha inarudi nyuma polepole kwa karibu dakika tatu, mpaka linaingia bega na kisogo cha anayeombwa. Mwenye shida ameonyeshwa uso, mwenye nguvu ameonyeshwa kisogo. Anapogeuziwa kamera, mpiga picha Gordon Willis amemwekea taa ya kutoka juu, macho yanakaa kwenye kivuli. Ni ule ule mwanga wa utosini niliousema, ila hapa umetafutwa makusudi na una maana.

Mwanga wa njia hii ni wa nyuma au wa chanzo kimoja. Asubuhi mlangoni, mtu akiwa kati ya kamera na nje, anabaki umbo jeusi lenye ukingo unaong'aa. Jikoni kwenye kuni moshi unaonyesha miale inayopenya kwenye nyufa za mbao. Ukitumia balbu au taa ndogo ya sola, kumbuka ukimsogeza mtu umbali mara mbili, mwanga unaomfikia unabaki robo, kwa hiyo sentimita 50 ni nyingi. Umeme wetu ni wa Hz 50, yaani unapiga mara 50 kwa sekunde: shuti fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/50 ya sekunde, vinginevyo mistari itatembea kwenye ukuta. Kuna balbu za bei nafuu zinazochezacheza hata hivyo; jaribu kabla mwigizaji hajafika.

Sauti nayo inabeba nusu ya kazi. Bila uso, tunamsikiliza: kandambili, pumzi, kisu. Rekodi hizo peke yake, karibu.

Inawafaa wenye fumbo, na wenye mwigizaji ambaye mikono yake imeshaifanya kazi hiyo maishani. Haiwafai wenye filamu ya dakika tatu. Nusu dakika ya kisogo hapo ni nyingi mno.

## Ukichagua kwa hali yako

Kama mna asubuhi moja tu na hamwezi kurudi, msiifunge filamu kwenye mlima. Chukueni uso dirishani, na mlima ukifunguka, uwe zawadi.

Kama ni Julai na wingu limekaa, furahini: anga lote limekuwa shuka jeupe. Uso nje, chini ya wingu, hata saa sita mchana, utatoka laini.

Kama hadithi ni ya ardhi, ya kuhama, ya mtu kurudi kijijini baada ya miaka, anzeni mbali, ila mpeni kazi mkononi.

Kama mhusika atakosea vibaya baadaye na mnataka asichukiwe, anzeni na uso.

Kama kuna barua, pesa, ujauzito, jambo lolote analolificha, anzeni na kisogo na mikono, mkiulinda uso mpaka siri itakapoguswa.

Kama mwigizaji ni mtoto, kisogo au mbali kwanza. Mtoto anayejua anatazamwa usoni huanza kuigiza; anayejua anafuatwa husahau.

Kuchanganya kunaruhusiwa, mradi kimoja kiongoze. Mikono halafu uso ni mpangilio mzuri. Mlima, uso, mikono, mlima tena ndani ya sekunde 20 ni tangazo.

Na kama kundi bado limegawanyika, fanyeni tulivyofanya sisi. Shutini nusu dakika ya kila njia kwa simu, zima sauti, mpe mtu ambaye hajasoma muswada. Tulimpelekea mama wa chai aliye karibu na mahali tulipokuwa tunahariri. Ya mlima aliitazama akasema, "Huyu anawahi soko." Ya uso akasema, "Maskini, amelala vibaya." Ya tatu aliitazama, akairudisha, akaitazama tena, akaweka birika chini na kuniuliza: "Pale kwenye pindo la kanga amefunga nini?"